Wimbo wa Uwanjani Katika Ukumbi wa Kimya: Simfonia ya Queen na Nyimbo za Visima vya Isiolo

Mnamo tarehe 6 Novemba 2002, katika ukumbi wa Royal Festival Hall jijini London, okestra ya Royal Philharmonic ilipiga kwa mara ya kwanza utunzi wa Tolga Kashif uitwao The Queen Symphony. Utunzi huo, ambao una sehemu sita na huchukua takriban saa nzima, umejengwa kwa mahadhi ya nyimbo za bendi ya roki ya Queen. Mwimbaji mkuu wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na alifariki London mwezi Novemba 1991, miaka kumi na moja kabla ya nyimbo zake kuvikwa vazi hilo.

Makala haya hayakusudii kumdai Mercury. Mtoto huyo wa Kiparsi alipelekwa shuleni Panchgani, Uhindi, angali mdogo, na jamaa zake wakahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Wale wanaotafuta taarab ndani ya nyimbo zake kwa kawaida hupata kile walichokwenda nacho. Tunachokusudia ni kuuliza swali la kihakiki ambalo simfonia hii inalileta mbele yetu kwa uwazi: wimbo unapotolewa katika utanzu uliouzaa na kutiwa katika utanzu mwingine unaohesabiwa kuwa mkubwa zaidi, ni kitu gani hasa kinachobadilika? Tunauliza tukiwa Isiolo, na hapa swali hilo si la anasa. Walimu wa muziki wa sehemu hii huzichukua nyimbo za wafugaji, wakazipanga kwa sauti nne, wakazipeleka katika Tamasha la Muziki la Kenya, tamasha ambalo limekuwapo tangu mwaka 1927. Mwalimu anayefanya hivyo anafanya kazi ileile aliyoifanya Kashif, ingawa hana okestra, na ingawa hakuna ajuaye jina lake nje ya wilaya.

Suala la hadhi

Ni desturi kusema kwamba simfonia "huinua" wimbo. Kauli hiyo haina budi kutiliwa shaka na yeyote aliyepitia historia ya idara za fasihi katika Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, walikuwa wakipinga, pamoja na mambo mengine, dhana kwamba tungo za Waafrika ni malighafi inayongoja kusafishwa na umbo la kigeni. Kusema kwamba wimbo haukuwa muziki kamili mpaka ulipopata fidla thelathini ni sawa na kusema kwamba ngano haikuwa fasihi mpaka ilipochapishwa. Mtu anaweza kuipenda ngano iliyochapishwa bila ya kukubali kauli hiyo.

Kwa upande mwingine, hatukubaliani na wale wanaodai kwamba kila uhamishaji wa aina hii ni uharibifu. Wakati wa mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, pande zote mbili zilizungumza kana kwamba vina na mizani ni nguo tu, ya kuvaliwa au kuvuliwa, na mwili ukabaki uleule. Umbo si nguo. Umbo ni namna ya kufikiri. Mshairi wa tarbia hufikiri kwa mishororo minne na kituo, na ukimpa hoja ambayo haina kituo atakuwa hana budi kuibadilisha hoja yenyewe. Simfonia nayo ina fikra zake: huchukua wazo dogo la mahadhi, ikaligawanya, ikalipindua, ikaligonganisha na wazo la pili, ikalirudisha likiwa limebadilishwa na safari. Wimbo wa roki haufikiri hivyo. Wenyewe hurudia. Nguvu yake imo katika kiitikio kinachorudi kilekile, na furaha ya msikilizaji ni kukipokea akijua kwamba kinakuja.

Kashif hakuwa wa kwanza kukutana na ugumu huu. Okestra hiihii ya Royal Philharmonic ilikuwa imekwishapiga pamoja na bendi ya Deep Purple mwaka 1969 utunzi wa Jon Lord, ukiongozwa na Malcolm Arnold. Huko roki na okestra zilikaa jukwaa moja kama mawifi wawili, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusema. Mwaka 1999 Metallica walifanya jambo kama hilo na okestra ya San Francisco. Philip Glass alikwenda njia nyingine. Katika simfonia yake ya mwaka 1992 iliyotokana na Low, sahani ya David Bowie ya mwaka 1977 aliyoitunga kwa kushirikiana na Brian Eno, alichagua vipande ambavyo havikutegemea mashairi, akavifumua, akavisuka upya hata mtu asiyemjua Bowie angeweza kuusikiliza utunzi huo bila ya kuhisi kwamba amekosa kitu. Aliirudia njia hiyo mwaka 1996 kwa Heroes. Glass aliepuka mtego kwa kuchagua kile ambacho umma haukuwa ukikiimba. Kashif alichagua kile ambacho umma mzima unakiimba, na kwa sababu hiyo kazi yake, ingawa kwa maoni yetu ni dhaifu zaidi, ina mengi zaidi ya kutufundisha.

Dhihaka iliyochukuliwa kwa dhati

Tuanze na "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, ambayo ni mojawapo ya nyimbo alizozitumia. Ni wimbo wa takriban dakika sita usiokuwa na kiitikio. Huanza kwa sauti tupu, ukaingia katika ungamo la polepole la kijana kwa mama yake, ukapita kwa gitaa, ukaangukia katika opera ya mzaha yenye sauti zilizorekodiwa juu ya sauti mara nyingi, ukalipuka kuwa roki kamili, kisha ukazimika taratibu. Katika ile sehemu ya opera limo hata neno la Kiarabu ambalo kila Muislamu wa Isiolo hulitamka kabla ya kula, nalo limewekwa hapo katikati ya majina ya watu wa tamthilia za Ulaya kama mtu aliyeingia harusi asiyoalikwa.

Kitu cha kuangaliwa hapa ni kwamba wimbo huu ulikuwa tayari umeiga muziki wa fahari. Mercury aliichukua opera, ambayo ni utanzu wa watu wa tabaka la juu, akaifanyia dhihaka ya mapenzi: akaitia chumvi, akaiharakisha, akaicheka huku akionyesha kwamba anaijua. Msikilizaji hucheka na kutetemeka kwa wakati mmoja. Sasa, dhihaka huishi kwa umbali uliopo kati ya aigaye na aigwaye. Vijana wanne wenye nywele ndefu wakijifanya kwaya ya opera ni jambo la kuchekesha na la kutisha. Okestra ya kweli na kwaya ya kweli zikipiga mahadhi hayohayo, umbali umekufa. Aliyeigwa amejiiga mwenyewe. Ndiyo maana pale ambapo mtu angetarajia kwamba simfonia ingefanikiwa kwa urahisi, kwa kuwa wimbo wenyewe ulikuwa umeielekea, ndipo tunapoisikia ikiwa na uzito usio na sababu. Mhakiki wa fasihi atakumbuka lile kosa la mfasiri anayekutana na kejeli akaifasiri kama sifa: kila neno ni sahihi, na maana yote imepinduka.

Hali ni tofauti kwa wimbo kama "Who Wants to Live Forever" ulioandikwa na Brian May mwaka 1986. Wimbo huo ulikuwa na okestra tangu rekodi yake ya awali, na mahadhi yake ni marefu, yanapumua polepole, yanaweza kukatwa na kuunganishwa bila ya kulia. Hapo Kashif yu nyumbani. Ala zinapoibeba sauti ya mwimbaji hatuhisi kwamba mtu ameondoka chumbani.

Nani ameshinda?

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi si ya mahadhi wala ya dhihaka. Ni ya hadhira.

May alipoandika "We Will Rock You" mwaka 1977 alikuwa akitaka wimbo ambao hadhira ingeupiga yenyewe: kishindo cha miguu mara mbili, kofi moja, na kimya. Rekodi yake haina ngoma za kawaida. Zimo nyayo na viganja. Katika tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985 katika uwanja wa Wembley, watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya sabini elfu waliinua mikono na kupiga makofi kwa pamoja Queen walipofika katika "Radio Ga Ga", na hakuna awezaye kusema kwamba watu wale walikuwa wasikilizaji tu. Walikuwa ala. Ukiwaondoa, hujaondoa mapambo ya wimbo. Umeondoa kiungo chake. Kwa istilahi za fasihi simulizi, mpaka baina ya fanani na hadhira ulikuwa umefutwa kwa makusudi ya mtunzi.

Ukumbi wa simfonia una adabu yake. Mtu huketi, hunyamaza, na hata baina ya sehemu moja na nyingine hapigi makofi. Hadhira iliyokuwa ala imegeuka kuwa hakimu. Kashif anaweza kuyapa mapigo ya uwanjani ngoma na ala nzito, na masikio yatatambua ni nini, lakini yatatambua tu. Kila wimbo maarufu unapochomoza kutoka katika mawingu ya okestra, msikilizaji hujipongeza kimoyomoyo kwa kuutambua, na muziki unageuka kuwa kitendawili ambacho jibu lake linajulikana na kila mtu.

Tulipowasikilizisha wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja ya hapa sehemu za mwisho za simfonia hii, hakuna aliyemjua Mercury kwa jina. Walimjua kwa kazi. "We Are the Champions" waliitambua mara moja, kwa kuwa huimbwa kila timu ya mpira inaporudi na kikombe, na baadhi yao walianza kuifuata kwa sauti. Kijana mmoja aliwanyamazisha ili wasikie vizuri, wakanyamaza, na baada ya muda kidogo mwingine akauliza: "Mwalimu, kwani hapa nani ameshinda?" Swali hilo lilileta kicheko. Tangu siku ile hatujapata maelezo mafupi zaidi ya udhaifu wa kazi hii. Wimbo ule una nafasi ya mshindi ndani yake, na asipokuwapo mtu wa kuijaza, ukubwa wa okestra huzidi kuionyesha kuwa iko wazi.

Hatusemi kwamba okestra kwa asili yake humnyamazisha msikilizaji. Mji uleule aliozaliwa Mercury unakanusha dai hilo. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, ni okestra kwa maana kamili: fidla, kanuni, udi, nai na ngoma, wote wakifuata mahadhi yaliyopangwa. Lakini mpenzi wa taarab akiguswa na ubeti huinuka, akatembea mpaka mbele na kumtunza mwimbaji, na huenda kutunza kwake ni ujumbe kwa mtu mwingine aliyemo ukumbini. Utunzi umemwachia nafasi hiyo.

Pia upo mfano ulio karibu zaidi na Isiolo. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume, ilitunga wimbo wa taifa la Kenya kwa kuyatumia mahadhi ya bembelezi ya Wapokomo wa Tana River, eneo linalopakana na Isiolo. Ni vigumu kufikiria mageuzi makubwa zaidi. Wimbo wa kumlaza mtoto umekuwa wimbo wa kuwasimamisha watu wazima. Sauti moja ya mama imekuwa bendi ya matarumbeta na upatanifu wa kanisani. Hata hivyo, uhamishaji ulifanikiwa, na hatudhani ni kwa sababu ya serikali peke yake. Ulifanikiwa kwa kuwa hadhira iliyopoteza nafasi moja ilipewa nyingine: mtoto aliyekuwa akiimbiwa sasa ndiye anayeimba. Kamati haikujaribu kumfanya msikilizaji aikumbuke bembelezi. Wakenya wengi huuimba wimbo huo maisha yao yote bila ya kujua kwamba ulikuwa wa kulalia.

Ndoo na kilele

Sasa turudi kwa mwalimu wetu wa muziki. Waborana wa Waso, yaani wale wanaoishi katika bonde la Ewaso Ng'iro kuanzia Isiolo kuelekea Merti na Garba Tulla, wana nyimbo za kunyweshea mifugo, na majirani zao Wasamburu wanazo zao. Kisima kikiwa kirefu, wanaume husimama ndani yake mmoja juu ya mwingine, wakapokezana ndoo kutoka chini hadi juu mpaka maji yamwagwe horini. Wimbo ndio unaoweka pigo la kupokeza. Maneno yake huwasifu ng'ombe, na wafugaji husema kwamba ng'ombe huitambua sauti ya mwenyewe na husogea horini kwa zamu wanapoisikia. Hapa nadharia ya fanani na hadhira inahitaji kiti cha tatu, kwa maana mlengwa wa wimbo ana miguu minne.

Urefu wa wimbo huo hauamuliwi na mtunzi. Unaamuliwa na kiu. Ng'ombe wakiwa wengi wimbo ni mrefu, na wakiwa wachache kwa sababu ya ukame ni mfupi, na ufupi wake ni habari ambayo kila aliye karibu huielewa bila ya kuambiwa. Kurudiarudia, ambako mpangaji wa sauti nne hukuona kuwa ni upungufu wa kurekebishwa, ndiyo maana yenyewe ya wimbo.

Mpangaji hufanya nini? Huanza kwa utangulizi wa taratibu, akagawa mahadhi kwa soprano, alto, tenor na besi, akapandisha sauti mpaka kilele, kisha mwishoni akapunguza mwendo ili mlio wa mwisho ukae hewani. Hiyo ni fikra ya simfonia katika umbo dogo, na haikutufikia kwa njia ya Queen. Ilikuja zamani kwa njia ya kwaya za misheni na vyuo vya ualimu. Kila mojawapo ya hatua hizo inaweza kuwa nzuri kwa sikio. Lakini angalia ile ya mwisho. Mwendo ukipunguzwa kisimani, aliye juu atanyoosha mkono kabla ya ndoo kufika. Mwisho wa polepole, ambao majaji huusifu, ungewamwagia watu maji. Ndipo vijana walioshika madumu matupu jukwaani wanapoonekana kama watu wanaoigiza kazi wasiyoijua, hata pale ambapo wengine wao waliifanya wiki iliyopita.

Lawama hizi haziwezi kuishia hapo, kwa kuwa kisima nacho kinabadilika. Sehemu nyingi za Isiolo sasa maji hutoka katika visima vilivyochimbwa kwa mitambo, na pampu za dizeli na za nguvu ya jua hufanya kazi iliyofanywa na ule mlolongo wa wanaume. Pampu haihitaji pigo. Hakuna aliyewahi kubeba ndoo mchana kutwa katika jua la Merti ambaye atatutaka tuombolezee kazi hiyo, nasi hatutafanya hivyo. Lakini wimbo uliokuwa kiungo cha kazi hiyo utabaki bila ya makao, na jukwaa la tamasha la shule huenda likawa mahali pekee ambapo mtoto wa Kinna atausikia. Hoja ya usafi, kwamba wimbo uachwe mahali pake, haina nguvu pale ambapo mahali penyewe pameondoka.

Kwa hiyo mpangaji ana kazi ya kweli, na kazi hiyo ni ngumu kuliko ya Kashif, ambaye nyimbo alizozipanga zingali zikiimbwa viwanjani hata simfonia yake isipopigwa tena. Tungependa kumwona mpangaji mmoja wa Isiolo akijaribu kuacha mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, bila kilele. Akiwapa besi ndoo ya chini na soprano ndoo ya juu, ili upatanifu wa sauti utokane na kupokezana badala ya kutokana na kitabu cha upatanifu. Akiyaacha majina ya ng'ombe yaimbwe waziwazi, kwa kuwa katika tungo nyingi zilizopangwa maneno ndiyo huzama kwanza chini ya sauti nne. Na akitafuta namna ya kuiingiza hadhira, hata kama ni kwa kupiga makofi pale ndoo inapopinduliwa. Kanuni za mashindano huweka kikomo cha dakika. Kikomo hicho kinaweza kutumiwa: kwaya ikatwe ikiwa katikati ya mwendo, ndoo zikiwa mikononi, kabla mifugo haijamaliza kunywa.